Kisangani: Maji inajaa katika tumbo ya bwato, lakini nani anatafuta fasi inatokea?

Saa kumi na mbili ya asubuhi, kando ya mto Kongo hapa Kisangani, kazi ya kwanza ya siku haiko kupakia mizigo. Ni kutosha maji. Kijana anaingia katika bwato na ndoo, ao na bidoni iliyokatwa kichwa, anainama, anachota, anamwanga inje. Dakika kumi, dakika ishirini, wakati ingine saa nzima. Kiisha wasafiri wanapanda, mifuko ya mihogo na makala inapangwa, motere inalia, safari inaanza. Kijana na ndoo yake anaenda nao. Njiani ataendelea kuchota.

Sisi wakaaji wa Kisangani tumeona ile picha tangu utoto, na haitushangaze tena. Mutu akiuliza, jibu liko tayari: « Bwato ya mbao inakunywa maji, ni kawaida. » Ni kweli kidogo. Bwato ya mbao isiyoingiza hata tone moja ni ngumu kuipata. Lakini kati ya tone na ndoo mia kuko tofauti, na katika ile tofauti ndimo watu wanakufia. Ulizo la leo ni hili: ile maji inatokea wapi, na kwa nini karibu hakuna mutu anayeitafutia jibu mbele bwato itoke?

Misiba yenye majina

Tukumbushe kidogo. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka katika ziwa Kivu mbele ya bandari ya Kituku, Goma, ikiwa karibu kufika. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza vifo 78, na kusema kwamba ilibeba watu 278. Mwezi wa ine 2025, karibu na Mbandaka, baleniere HB Kongolo iliwaka moto. Mwanamke alikuwa anapika ndani. Hesabu za wafu zilizotangazwa zilipita 140. Mwezi wa kenda 2025, katika jimbo lile lile la Equateur, ajali mbili zilifuatana kwa siku mbili: ya Basankusu iliua watu 86, wengi wao wanafunzi, na ya Lukolela iliua zaidi ya watu 100.

Kuhusu Basankusu, vyombo vya habari vya serkali vilitaja sababu mbili: upakiaji mubaya na safari ya usiku. Maneno haya tunayajua kwa kichwa. Kila mara bwato inazama, tunasikia kwamba watu na mizigo walikuwa wengi kupita kipimo, kwamba ilikuwa usiku, kwamba hakukuwa majile ya kuokoa maisha. Kiisha mazishi, kiisha kimya, mpaka msiba mwingine.

Tuseme wazi: hatusemi kwamba mabwato haya yote yalizama juu ya maji iliyojaa chini. HB Kongolo ilikuwa moto. MV Merdi, watu wa Kituku waliiona imejaa watu. Tunachosema ni kwamba « kujaza kupita kipimo » kumekuwa neno la kufunga mazungumzo. Likisha kutamkwa, hakuna anayeuliza tena mbao zilikuwa namna gani, ni lini ziliguswa na fundi, na maji ilikuwa tayari kiasi gani chini ya mifuko wakati bwato ilitoka bandarini.

Na sisi wa Tshopo tuko na sababu ya kuuliza. Kutoka Kisangani mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometre 1 700 za maji. Barabara zetu tunazijua. Muchele na mafuta ya ngazi ya Isangi, ya Yangambi, ya Basoko, inafika hapa kwa mto. Na mutu wa Lubunga, mwenye soko yake, ofisi yake ao hospitali yake iko ngambo ya kuume, hana daraja: lazima apande bwato, asubuhi na mangaribi, mwaka muzima. Kwa sisi, bwato haiko safari. Ni barabara.

Abiria 40 wasiolipa

Tufanye hesabu kidogo, hesabu ya shule ya msingi.

Tuchukue baleniere ndogo, sakafu yake iko na urefu wa metre 12 na upana wa metre 2. Maji ikifika sentimetre 10 ndani, yaani upana wa kiganja cha mukono, ile ni metre kibe 2,4. Metre kibe moja ya maji ni tone moja. Kwa hiyo bwato inabeba kilo 2 400 ambazo hakuna mutu aliyezipima bandarini. Ni sawa na watu 40 wa kilo 60 kila mumoja. Abiria 40 wasiolipa tiketi, wasioandikwa kwenye daftari.

Na ubaya wao ni kwamba hawakai fasi moja. Mufuko wa mihogo ukiwekwa upande wa kushoto, unabaki kushoto. Maji inakimbia. Bwato ikiegama kidogo upande wa kuume, juu ya wimbi ao juu ya watu waliosimama kutazama kitu, maji yote ndani inakimbilia kuume, na bwato inaegama zaidi. Ikijaribu kurudi, maji inachelewa. Njo maana bwato yenye maji ndani inatembea kama mulevi, na njo maana inaweza kupinduka mbele hata haijajaa. Wasafiri wanasema « ilipinduka mara moja, bila sababu ». Sababu ilikuwa chini ya miguu yao.

Hesabu ya pili. Tundu ya sentimetre moja tu, ukubwa wa kidole kidogo, ikiwa nusu metre chini ya uso wa mto, inaingiza zaidi ya litri 500 kwa saa moja. Ni bidoni zaidi ya 25 za litri 20, kila saa, usiku na mchana. Kijana wa ndoo anaweza kuzitosha saa ya kwanza. Saa ya tano mikono inachoka. Tundu haichoki.

Tulichoona katika bwato ya mjomba

Hapa nitatoa mufano wa nyumbani. Mjomba wangu alikuwa na baleniere iliyokuwa inafanya safari kati ya Kisangani na Isangi, fasi mto Lomami unaingia katika mto Kongo. Bwato ilikuwa inajaa maji. Kila mutu alikuwa na maoni yake. Fundi wa mbao alisema ni mbao za chini. Fundi wa motere alisema ni mvua. Kapiteni alisema ni mawimbi ya mabwato makubwa. Na mama mumoja jirani, ambaye alikuwa ametuma mafuta yake mara mbili na kuyapokea yakiwa yamelowana, alisema ni watu wenye wivu.

Mjomba alimusikiliza fundi wa mbao. Bwato ilivutwa inchi kavu, chini yake yote ikazibwa upya: vitambara vikapigwa katika viungo, gudroni ikachemshwa, ikapakwa. Siku nyingi bila safari, feza nyingi. Ikarudi mtoni, na maji ikarudi pia. Mwaka ule walirudilia kazi ile ile mara ya pili. Hakuna kilichobadilika.

Aliyetuokoa ni papa mumoja mzee, ambaye alifanya kazi miaka mingi kwenye mabwato ya chuma. Hakugusa nyundo. Alisema kwanza: « Munatibu mugonjwa, lakini hamujamupima. » Kiisha akatuomba kitu kimoja: muacheni kufikiri, mufanye majaribio, moja moja, na kila jaribio libadilishe kitu kimoja tu.

Jaribio la kwanza: bwato tupu, motere imezimwa, imefungwa kando ya mto, imefunikwa na hema ili mvua isiingie. Tulitosha maji yote, tukapangusa sakafu na vitambara mpaka ikauka. Papa akachora alama na kala la makala kwenye ubao, fasi ya chini kabisa. Tukalala. Asubuhi, maji ilikuwa haifiki hata vidole viwili. Basi mbao za chini, zile zilizopakwa gudroni mara mbili, hazikuwa na kosa kubwa. Feza yote ya mjomba ilienda fasi isiyo na ugonjwa.

Jaribio la pili: tukakausha tena, bwato ikabaki imefungwa, lakini motere ikazungushwa saa moja. Sasa maji ilianza kuonekana upande wa nyuma. Papa akaingia na tochi. Pale chuma chenye kuzungusha elisi kinapotoka inje ya bwato, kuko kifungo ambacho mafundi wanaita presetupe: ndani yake kunawekwa kamba yenye mafuta, inabanwa, ili chuma kizunguke na mto usiingie. Kamba ilikuwa imekufa. Wakati motere imenyamaza, maji ilikuwa inatoka tone kwa tone. Motere ikizunguka, ilikuwa inatoka kama mukojo wa mutoto. Papa alitufundisha pia kwamba tone chache wakati motere inazunguka siyo ubaya, zinapoza chuma. Mutu akikaza sana ili kusiwe hata tone moja, kamba inaungua na chuma kinakulika.

Tulibadilisha kamba. Mjomba alitaka kutoka siku ile ile. Papa akakataa: « Bado haijabeba. »

Jaribio la tatu: tulijaza mifuko na muchanga wa mto, tukapakia bwato mpaka ikashuka sawa siku ya soko. Haikupita nusu saa. Maji ilianza kushuka ndani kutoka mbavuni, katika kiungo cha ubao wa juu, ule ambao bwato ikiwa tupu unakaa inje ya maji, unapigwa na jua. Ule ubao ulikauka, ukajikunja, kiungo kikafunguka upana wa kisu. Hakuna aliyewahi kuutazama, kwa sababu bandarini, bwato tupu, haukuwa unavujisha hata kidogo. Mutu angeichunguza asubuhi angesema: iko muzima.

Sababu mbili kumbe, na hata moja haikuwa pale tulipotia feza.

Mzigo hauzamishi tu, unafungua mulango

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho, kwa maoni yangu, kinakosekana katika mazungumzo yetu juu ya ajali za mtoni. Tunazungumuza juu ya kujaza kupita kipimo kama jambo moja, na juu ya ubovu wa bwato kama jambo lingine. Sivyo. Mzigo ndio unaopeleka ubao mukavu chini ya maji. Bwato iliyojazwa inashusha viungo ambavyo havijaonja maji tangu wiki nyingi, ikaanza kuvuja fasi mupya, katika saa za kwanza za safari. Maji inayoingia inaongeza uzito. Uzito unaishusha zaidi. Kiungo kingine kinafika kwenye maji. Ni ngazi ya kushuka, na kila kipandio kinaita kingine.

Mbao zikilowana zinavimba, na viungo vingine vinajifunga vyenyewe kiisha saa kazaa ao siku moja. Wenye mabwato wanajua hii, na ndiyo inawapa moyo: « Itanywa, itashiba, itaacha. » Mara nyingi inaacha. Lakini zile saa za kwanza njo zile bwato imejaa watu kuliko wakati wote, na wengi wanatoka bandarini mangaribi, giza ikiwa karibu. Kwa hiyo kuvuja na usiku na uzito vinakutana saa moja.

Kuna na sababu ingine ya kutoona. Mifuko inapangwa moja kwa moja juu ya sakafu, mwanzo mpaka mwisho. Juu ya mifuko wanakaa watu, kuku, mbuzi, magodoro. Nani ataona maji chini? Mutu wa kwanza kujua ni mwenye mufuko wa chini, na atajua kisha kufika. Pompi ikiwekwa, inaziba na makombo ya makala, na majani ya kufungia chikwangue, na mbegu za muchele. Chombo kinachoweza kuonekana kimezama sentimetre tano zaidi kinasemekana tu kuwa « kimebeba vizuri ».

Milango ine ya maji

Kwa wenye mabwato na wenye kusafiri, tukusanye yale tuliyojifunza. Maji inaingia kwa milango ine, na kila mulango uko na alama yake. Hapa kwetu hatuwezi kuonja chumvi kama watu wa bahari: maji ya mvua na ya mto yote ni matamu. Lakini kuko namna ya kuzitenganisha.

Mulango wa kwanza ni juu: mvua na mawimbi. Mvua moja kali ya milimetre 50, ikinyesha juu ya bwato yetu ya metre 12 kwa 2 isiyofunikwa, inaleta litri 1 200. Ni zaidi ya tone moja kwa mvua moja. Alama yake: maji haina rangi ya mto, na inajaa tu siku ya mvua. Ikiwa bwato iliyofunikwa vizuri inajaa pia, siyo mvua.

Mulango wa pili ni mbao: viungo, misumari iliyokula kutu, na mipasuko. Pirogi ya muti mumoja inapasuka mara nyingi kwenye ncha zake juu ya jua. Bwato ya mbao nyingi inavuja kwenye viungo na kuzunguka misumari. Wakati mto unashuka, mawe na visiki vinagusa chini na kulegeza kila kitu. Alama yake: maji inaingia hata bwato imelala, motere imenyamaza. Ili kupata fasi kamili, kausha ndani, mwangia majivu makavu ao unga juu ya viungo, na ungojee. Pale majivu inageuka nyeusi, ndipo. Kuko na njia ya inchi kavu kwa pirogi: ivute juu, iweke sawa, mwanga maji ndani yake, kiisha zunguka inje ukitazama fasi inatoka. Maji inayotoka ndani kwenda inje inapita katika njia ile ile ya kuingilia.

Mulango wa tatu ni motere: presetupe, na mipira inayoleta maji ya mto kupoza motere. Mupira ukipasuka, motere yenyewe inageuka kuwa pompi ya kujaza bwato. Alama yake: maji inaongezeka wakati motere inazunguka tu, inaanzia nyuma, na mara nyingi ina mafuta juu yake ao ina joto kidogo.

Mulango wa ine ni mzigo, kama tulivyoeleza. Alama yake ni mbaya kuliko zote: haiko bandarini. Inakuja njiani tu. Njo maana kupima bwato tupu peke yake ni kujidanganya.

Neno moja juu ya kuziba. Wengi wanaziba kutokea ndani kwa sababu ni rahisi, bwato haivutwi. Lakini maji ya mto inasukuma kutoka inje: kiraka cha ndani inakisukuma kitoke, kiraka cha inje inakikandamiza kishike. Kiraka cha ndani ni cha kufika nyumbani. Hakiko dawa.

Kwa nini hakuna anayetafuta?

Mutu atasema wenye mabwato ni watu wabaya. Sikubali. Nimeona namna mjomba alivyohesabu. Siku ya kupima ni siku bila safari. Kuvuta bwato inchi kavu kunaomba watu, kamba, gudroni, na siku nyingi bila hata franga moja kuingia. Kijana wa ndoo anaomba chakula na kitu kidogo. Kila siku moja, ndoo iko bei chini kuliko fundi. Ni kwa mwaka muzima tu ndoo inakuwa bei kali, na hakuna anayehesabu mwaka muzima wakati ada ya shule ya watoto inadaiwa wiki hii. Mjomba mwenyewe alilipa gudroni mara mbili bure, lakini alilia juu ya siku tatu za majaribio.

Upande wa serkali, kazi iko na mwenyewe. Commissariat fluvial ndiyo yenye kuandikisha mabwato, kuyachunguza na kuruhusu yatoke. Régie des voies fluviales ndiyo yenye kazi ya kuweka alama katika mto, ili bwato isipige muchanga na mawe. Sheria na makatazo haikosi. Kiisha ajali ya ziwa Kivu ya mwezi wa ine 2019, ambapo watu 150 walitangazwa kuwa wamepotea, Rais Félix Tshisekedi aliamuru majile yavaliwe na kila musafiri. Safari za usiku zilikatazwa mara na mara.

Hatua hizi ni nzuri, tusizizarau. Jile ingeokoa watu wengi. Lakini tuangalie zote zinafanana na nini: zinaanza kazi bwato ikiisha kuzama, ao zinaangalia kile kinachoonekana kwa macho bandarini, yaani hesabu ya watu, saa ya kutoka, rangi ya jile. Hakuna kati yake inayouliza: katika tumbo ya hii bwato, maji inapanda sentimetre ngapi kwa saa ikiwa imebeba?

Na ulizo hilo haliombi mashini ya Ulaya. Linaomba makala, saa ya mukono, na mutu mumoja mwenye kukubali kungoja. Alama ichorwe ndani, mzigo upakiwe, bwato ifungwe saa moja mbele ya kutoka, alama itazamwe. Ikipanda kidogo, iende. Ikipanda sana, ipakuliwe na itafutwe sababu. Inje, kwenye mbavu, ichorwe alama ingine ya rangi isiyofutika: hapa ndipo mzigo unakoma. Bwato kubwa za duniani ziko na alama ile tangu zaidi ya miaka mia moja. Mama muuza samaki asiyejua kusoma anaweza kuitazama na kujua kama alama iko juu ya maji ao imemezwa.

Najua watu watajibu nini: alama ya rangi inaweza kupakwa tena juu zaidi, na mutu wa kuchunguza anaweza kupewa kitu mukononi ili afunge macho. Ni kweli. Lakini leo hakuna hata haja ya kufunga macho, kwa sababu hakuna cha kutazama. Alama ikiwepo, angalau uongo utaonekana, na wasafiri 100 wanaoonekana kuwa na hofu wako na kitu cha kuonyesha kwa kidole.

Wewe unayepanda kesho

Ndugu musikilizaji, wewe hauko fundi na hauko komisere. Lakini uko na macho. Mbele ya kupanda, tazama kijana wa ndoo. Ikiwa anatosha maji mbele ya watu kupanda, kiisha anapumzika, pengine ni mvua ya usiku. Ikiwa anatosha, anapumzika kidogo, na anarudi tena bila kukoma wakati bwato imefungwa, maji inaingia sasa, na safari haijaanza. Muulize kapiteni: « Inatokea wapi? » Siyo « iko sawa? », maana jibu la « iko sawa? » ni ndiyo siku zote. Kapiteni anayejua bwato yake atakuonyesha fasi. Anayekujibu « ni kawaida » hajatafuta.

Omba kwamba fasi moja, ya chini kabisa, iachwe wazi bila mufuko juu yake, ili maji ionekane na ndoo iweze kufika. Mifuko iwekwe juu ya miti, siyo juu ya sakafu. Njiani, bwato ikianza kuegama na kuchelewa kurudi, usisimame, usikimbilie upande mwingine pamoja na wote: kaa chini, katikati, na muombe kapiteni akaribie kando akipunguza mwendo.

Bwato ya mjomba ilitengenezwa: kamba ya presetupe ikabadilishwa, ubao wa mbavu ukazibwa kutokea inje. Ilitosha siku mbili na gudroni kidogo. Kijana wa ndoo hakufukuzwa. Papa mzee alimupa kala la makala na akamufundisha kuchora alama kila asubuhi na kila kisha kupakia, na kuandika katika kadaftari maji ilipanda kiasi gani. Siku maji ilipanda bila mvua, mjomba alijua siku ile ile, siyo katikati ya mto.

Kuna mabwato mangapi kando ya mto huu yenye kadaftari kama kale? Tutauliza tena ulizo hili hapa, na wenye mabwato pamoja na viongozi wa mto wanakaribishwa kuleta jibu lao kwenye mikro.